Darubini ya Jena ya 8x30 au mpya ya 10x42? Jibu kwa msomaji wa Muheza

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Muheza na ninajifunza kazi ya kuwaongoza wageni kutazama ndege katika msitu wa Amani. Muuza mitumba mmoja wa Tanga ana darubini ya zamani ya macho mawili, ile ya mabega mapana, imeandikwa Jena na 8x30. Duka jingine lina darubini mpya nyembamba ya mirija iliyonyooka, 10x42, ya kampuni nisiyoifahamu, na bei zao zinakaribiana. Ninunue ipi, na nitaitunzaje katika unyevu wa huku kwetu? Navaa miwani ya kuonea mbali."

Marahaba, kijana wangu. Nitaanza na jibu lenyewe kisha nitoe sababu, kwa kuwa huenda muuzaji asikusubiri. Kama darubini hiyo ya Jena itafaulu vipimo nitakavyokueleza hapa chini, ichukue na uiache ile mpya. Kama itashindwa kipimo cha ulinganifu wa mirija yake miwili, iache hata ukipunguziwa bei hadi nusu, kwa sababu darubini yenye mirija isiyolingana huyaumiza macho, na hakuna ubora mwingine wowote unaoweza kufidia kasoro hiyo. Suala la miwani yako nalo lina uzito wake, nami nitalifikia.

Mabega mapana unayoyaona hayakuwekwa kwa urembo. Lenzi ya mbele ya darubini huleta picha iliyopinduliwa, juu chini na kulia kushoto, kwa hiyo ni lazima ipatikane njia ya kuigeuza kabla haijafika kwenye jicho. Mwaka 1854 Mwitalia Ignazio Porro alipata hataza ya kufanya kazi hiyo kwa prizimu, yaani vipande vya kioo vyenye umbo la pembetatu. Katika kila mrija hukaa prizimu mbili zilizopishana, na mwanga huakisiwa mara nne ukipita njia ya kuzungukazunguka kabla ya kufika kwenye jicho. Wazo lilikuwa zuri, lakini vioo vya wakati huo havikuwa safi vya kutosha, ikabidi lisubiri mpaka mwaka 1894, Ernst Abbe na kiwanda cha Zeiss huko Jena, Ujerumani, walipoanza kuuza darubini za prizimu zilizotengenezwa kwa umakini. Umbo unaloliona kwa muuza mitumba ni mzao wa moja kwa moja wa kazi hiyo.

Uzuri wa prizimu za Porro umo katika urahisi wake. Mwanga ukiingia ndani ya kioo na kugonga uso wa nyuma kwa nyuzi 45, wote hurudi ndani bila ya uso huo kupakwa fedha wala madini mengine. Wanafizikia huita jambo hilo uakisi kamili wa ndani. Hakuna kinachopotea katika kuakisiwa huko, na wala hakuna utando wa kioo cha kujitazamia utakaochakaa baada ya miaka.

Darubini nyembamba ya mirija iliyonyooka hutumia prizimu za namna nyingine, ambazo upande mmoja wake umechongwa kama paa la nyumba. Mwanga unaopita humo hugawanywa kwenye mgongo wa paa hilo kisha huunganishwa tena, na kazi hiyo ina masharti magumu matatu. Kwanza, pembe ya paa lazima ichongwe kwa usahihi mkubwa sana, la sivyo picha huwa na kivuli cha pili. Pili, katika aina inayotumika zaidi, uso mmoja wa prizimu hauakisi mwanga wote kwa wenyewe, kwa hiyo lazima upakwe utando wa kuakisi, na utando wa bei nafuu hula sehemu ya mwanga. Tatu, nusu mbili za mwanga zikiungana hupishana kidogo mawimbi yake, na ukali wa picha hupungua. Dawa yake ni utando maalumu wa kusahihisha mpishano huo, ambao Zeiss waliuleta sokoni mwaka 1988. Yote matatu hugharimu fedha. Darubini nyembamba za bei kubwa za leo zimeyatimiza yote na ni bora kabisa, nami sina neno juu yake. Lakini darubini nyembamba ya bei yako, kutoka kampuni isiyojulikana, mahali fulani pamefanyiwa ubahili, na mara nyingi ni katika tando hizo mbili ambazo mnunuzi hawezi kuziona kwa macho. Kwa fedha kidogo, Porro hukupa picha safi zaidi. Na hesabu hiyo bado ni ya kweli hata sasa.

Lipo jambo jingine ambalo utalipenda msituni. Kwa kuwa lenzi za mbele za Porro zimetengana kuliko macho yako yalivyotengana, umbali kati ya kitu na kitu huonekana kwa kina zaidi. Hondohondo akitua nyuma ya matawi matatu, utaona wazi tawi lipi liko mbele na lipi liko nyuma, na ndege hujitokeza kana kwamba ametengwa na majani. Wageni wangu wengi waliozoea darubini nyembamba hushangaa wanapoliona jambo hilo mara ya kwanza.

Sasa tuzisome namba. Katika 8x30, namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa kiduara cha mwanga kinachotokea kwenye lenzi ya jicho: 8x30 hutoa milimita 3.75, 10x42 hutoa 4.2, 7x50 ya mabaharia hutoa karibu 7.1. Mchana mweupe mboni ya jicho huwa na upana wa milimita 2 hadi 3, hivyo darubini zote hizo zinatosha. Alfajiri chini ya miti mikubwa mboni hupanuka, na hapo ndipo 8x30 huanza kuzidiwa. Sitakuficha udhaifu huo: katika nusu saa ya kwanza ya mapambazuko, na siku ambazo ukungu umeshuka mpaka barabarani, utatamani lenzi kubwa zaidi. Hata hivyo, tofauti kati ya 3.75 na 4.2 ni ndogo mno kuamua ununuzi, na 10x42 yenye tando duni inaweza kuwa na giza kuliko 8x30 iliyotengenezwa vizuri.

Ukuzaji wa mara 10 huwavutia wanunuzi wengi, nami huwaonya wote kwa maneno yaleyale, kwamba darubini hukuza pia mtetemo wa mikono. Aliyepanda mlima kwa saa moja, akisimama na kuinua darubini ya mara 10 kumtafuta ndege mdogo aitwaye chozi anayerukaruka juu ya kilele cha mti, huona picha inayocheza. Zaidi ya hayo, uwanja wa kuona hupungua. Zile 8x30 za Jena zilizoitwa Deltrintem, na ndugu yake Jenoptem, huonyesha upana wa meta 150 kwa umbali wa meta 1000, wakati 10x42 za kawaida huonyesha kama 105 hadi 115. Msituni, ambako ndege mdogo hukaa sekunde mbili kisha akahama, upana huo ndio unaoamua kama mgeni wako amemwona au amekosa.

Kabla ya vipimo, hakikisha kwamba unachouziwa ni kile kilichoandikwa. Kiwanda cha Jena kilikuwa Ujerumani Mashariki, na kwa sababu ya mgogoro wa jina na Zeiss wa Ujerumani Magharibi, darubini nyingi zilizouzwa nje ziliandikwa "aus JENA" tu, bila ya jina Zeiss. Usidhani kwamba hizo ni za bandia. Za bandia zipo, tena nyingi, na mara kwa mara ndizo zinazoandikwa Zeiss kwa herufi kubwa. Tazama uchongaji wa maandishi: halisi ina herufi nyembamba, sawasawa, zilizochongwa ndani ya chuma, pamoja na namba ya utambulisho. Maandishi yaliyochapwa kwa rangi inayobanduka, au lenzi zinazong'aa wekundu kama damu, ni dalili za kuondoka dukani. Maandishi MC yanamaanisha lenzi zimepakwa tando nyingi za kuzuia mng'ao, nazo ni za miaka ya mwisho ya kiwanda hicho na ndizo bora.

Tando hizo si jambo dogo. Kila mahali ambapo mwanga unatoka hewani kuingia kwenye kioo, au kutoka kwenye kioo kurudi hewani, kama asilimia 4 hurudi nyuma ikiwa kioo hakijapakwa kitu. Porro ya kawaida ina nyuso kama 10 za namna hiyo, kwa hiyo darubini isiyo na utando hupoteza karibu theluthi ya mwanga, na mwanga huo uliopotea hauondoki kimyakimya, bali huzagaa ndani na kuipausha picha. Alexander Smakula wa Zeiss ndiye aliyepata hataza ya utando wa kuzuia mng'ao mwaka 1935. Shika darubini chini ya taa na utazame taa inavyoakisiwa kwenye lenzi: mwakisiko mweupe mkali una maana hakuna utando; wa samawati au zambarau una maana utando mmoja; wa kijani iliyofifia au wa rangi kadhaa zilizofifia una maana tando nyingi. Tazama pande zote mbili, ya mbele na ya jicho, maana wapo watengenezaji wanaopaka upande wa mbele peke yake.

Kipimo cha ulinganifu kifanye nje, mchana, ukitazama kitu chenye mstari mnyoofu wa kulala kilicho mbali, kama ukingo wa paa au waya wa umeme, kwa umbali usiopungua meta mia kadhaa. Lenga mpaka picha iwe kali, kisha iondoe darubini polepole kutoka usoni mpaka umbali wa kama sentimita 10 au 15, bila kuacha kutazama kwa macho yote mawili. Utaona viduara viwili vyenye mwanga. Mstari lazima upite katika viduara vyote viwili kwa kimo kilekile. Ukiwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, mirija imepishana wima, na kosa la wima ndilo ambalo macho ya binadamu hayawezi kulivumilia, kwa sababu hatujaumbwa kuinua jicho moja na kushusha jingine. Kisha itazame kwa dakika tano mfululizo na ufumbe macho. Ukiyafumbua huku darubini ikiwa machoni, picha mbili zisionekane hata kwa nusu sekunde zikitafutana ndipo ziungane. Usiku kuna njia kali zaidi: lenga nyota kwa jicho la kushoto mpaka iwe nukta, kisha tumia marekebisho ya jicho la kulia kuitawanya iwe duara la ukungu, nukta inapaswa kukaa katikati ya duara hilo.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimeona madhara yake. Nahodha mmoja mstaafu aliniletea 7x50 yake akisema macho yake yamezeeka, kwamba kila akitazama baharini kichwa humuuma, na tayari alikuwa amenunua miwani mipya iliyokosa kumsaidia. Macho yake yalikuwa mazima. Miaka miwili kabla ya hapo darubini ilikuwa imeanguka kutoka mezani, na mtu aliyejitolea kuirekebisha alibandua ngozi ya pembeni, akakuta skrubu ndogo zinazoshikilia prizimu, akazizungusha kwa kubahatisha. Ilinichukua siku mbili kurudisha ulinganifu, na mzee yule alipoitazama tena bandari alikaa kimya muda mrefu.

Kipimo cha prizimu ni rahisi. Nyoosha mikono, elekeza darubini kwenye anga jeupe, mbali na jua, na uvitazame vile viduara vya mwanga kwenye lenzi za jicho. Viwe vya mviringo kamili na vyenye mwanga sawa. Vikiwa na kingo zilizokatwa kwa kijivu, vikakaribia umbo la almasi, prizimu zimetengenezwa kwa kioo cha aina ya BK7, ambacho hakiwezi kuakisi kikamilifu mwanga unaoingia kwa mshazari mkubwa. Kioo cha BaK4 hupinda mwanga zaidi na hutoa duara kamili. Kasoro hiyo hupunguza mwanga pembezoni lakini haiharibu picha, kwa hiyo isikukoseshe darubini iliyo nzuri katika mengine yote.

Kipimo cha kuvu kinahitaji kurunzi. Geuza darubini, mulika kutoka upande mmoja na utazame kutoka upande wa pili, ukiinamisha kidogo kila upande. Chembe za vumbi chache si kitu. Hata darubini mpya huwa nazo. Unachokitafuta ni nyuzi kama utando wa buibui, au matawi madogo yanayotoka katikati kwenda pembeni: hiyo ni kuvu. Ikiwa changa, fundi anaweza kuisafisha. Ikikaa muda mrefu, asidi yake hula utando wa lenzi na hata kioo chenyewe, na alama haifutiki tena. Ukungu mwepesi ulio sawa juu ya kioo chote ni mvuke wa grisi ya zamani, nao husafishika. Mabaka yenye rangi za upinde wa mvua karibu na ukingo wa lenzi ya mbele yana maana gundi iliyounganisha vioo viwili inaachia. Hapo gharama ya matengenezo huipita bei ya darubini.

Mwisho zungusha gurudumu la kulengea na ukunje bawaba. Vyote viende kwa uzito ulio sawa, bila kukwama wala kulegea. Bonyeza lenzi za jicho kwa vidole, moja baada ya nyingine: daraja linaloziunganisha likibonyea sana upande mmoja, utapoteza ukali wa picha kila unapoikandamiza darubini usoni. Kama gurudumu ni gumu, usilishinde kwa nguvu. Grisi ya miaka 40 huganda kama nta, na mwenye kulazimisha huvunja nyuzi za skrubu ya shaba.

Nimefika kwenye miwani yako. Kila darubini ina umbali maalumu ambao jicho linapaswa kukaa nyuma ya lenzi ili lione uwanja wote. Mvaa miwani huhitaji kama milimita 15 au zaidi, kwa kuwa miwani yenyewe inachukua nafasi, ilhali 8x30 za kizamani kwa kawaida ziko chini ya hapo. Ukizitazama na miwani utaona kama kwa tundu la ufunguo, na vikombe vigumu vya lenzi ya jicho vinaweza kuikwaruza miwani. Lakini umesema miwani yako ni ya kuonea mbali. Kama tatizo lako ni kutoona mbali peke yake, ivue; gurudumu la kulengea litafidia upungufu huo, na utaona sawasawa na mwenye macho mazima. Kama karatasi ya daktari wako wa macho inaonyesha pia kwamba umbo la jicho limepinda, tatizo ambalo huandikwa kwa safu ya pili ya namba na nyuzi za pembe, gurudumu haliwezi kulirekebisha, na hapo itakubidi utafute darubini yenye umbali mrefu wa jicho. Kaitazame karatasi hiyo kabla ya kwenda Tanga.

Kama ile ya Jena haikukufaa, usivunjike moyo. Darubini za 8x30 za Kirusi, zilizotoka Kazan na Zagorsk, ni imara sana ingawa picha yake ina umanjano. Katika mpya, Kowa YF ya 6x30 ni nyepesi, ina umbali wa jicho unaowafaa wavaa miwani, na picha yake hutulia mkononi. Nikon Action EX ya 8x40 ni nzito zaidi lakini haipitishi maji. Walio na fedha nyingi hununua Nikon E II ya 8x30, yenye uwanja wa nyuzi 8.8, au Habicht ya Swarovski inayotengenezwa Absam huko Austria, Porro ambayo kwangu mimi haina mpinzani kwa ung'avu wa picha. Uziepuke zile zenye ukuzaji unaobadilika, na zile zisizo na gurudumu la kulengea kabisa.

Kwa upande wa utunzaji, elewa kwanza darubini yako inaingiwa na unyevu kwa njia gani. Katika Porro ya kizamani yenye gurudumu la katikati, lenzi za jicho hutoka na kurudi kila unapolenga, na kila mara hufanya kazi kama pampu: zinavuta hewa ya nje ndani na kuitoa. Ndiyo maana darubini za majeshi na mabaharia hulengwa kila jicho peke yake. Mrija ambao hauna daraja linalotembea ni rahisi kuuziba. Yako haijazibwa. Ukitoka kwenye ukungu wa Amani, ndani mwake umo unyevu uleule ulioko nje, na kuvu huhitaji unyevu huo, giza na hewa iliyotulia. Kifuko cha ngozi kilichofungwa huipa vyote vitatu, na ngozi yenyewe ni chakula chake. Mkoba wa ngozi uliokuja na darubini uhifadhi kama kumbukumbu, ila usiilaze darubini humo.

Kila jioni ifute mwili wake kwa kitambaa kikavu, iache saa moja au mbili mahali pakavu penye upepo na kivuli, kisha iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika, yaani chembe za kufyonza unyevu, vya gramu 50 au zaidi. Nunua silika yenye rangi inayobadilika, ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba maji, ili ujue lini imechoka. Ikishiba, imimine kwenye sufuria kavu, iweke juu ya moto mdogo sana ukiikoroga mpaka rangi irudi, na usiirudishe chomboni kabla haijapoa. Wapo wanaotumia mchele. Mchele hutoa vumbi la wanga, na wanga ni chakula kingine cha kuvu. Na hata msimu ambao huna wageni, itoe darubini kila juma, ilenge mbali na karibu, uimulike kwa kurunzi. Kuvu ikionwa ndani ya wiki ya kwanza haijafanya madhara.

Usiiache juu ya dashibodi ya gari. Joto la humo hulainisha gundi ya lenzi na kuyeyusha grisi, ambayo hutiririka mpaka kwenye prizimu. Wala usiilaze juani lenzi zikitazama juu. Kulitazama jua kwa darubini, hata kwa kufumba na kufumbua, hupofusha. Waambie hivyo wageni wako, hasa watoto, kabla ya kuwakabidhi.

Lenzi zisafishwe kwa nadra, na kwa utaratibu huu: puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, kwa kuwa mate huruka, pitisha brashi laini, kisha, ikiwa bado kuna alama ya kidole au mafuta ya kope, lowesha kidogo kitambaa safi cha maikrofaiba kwa pombe ya isopropili isiyochanganywa na kitu, ufute kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje. Kioevu kiwekwe kwenye kitambaa, kisidondoshwe juu ya lenzi, kwani hupenya ukingoni na kuingia ndani. Ncha ya khanga au pindo la shati, ambavyo vimebeba jasho lenye chumvi na vumbi la njiani, ndivyo vilivyomaliza lenzi nyingi nilizoletewa. Ukishuka nayo ufukweni, futa mwili wake kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa vizuri, usiku uleule, kwa sababu chumvi hula alumini chini ya rangi.

Fupisha mkanda ili darubini ikae juu kifuani, isigonge mawe unapoinama, na uuvae shingoni hata ukiwa umesimama tu. Skrubu zilizo chini ya ngozi ya pembeni usiziguse kamwe. Ikianguka, rudia kipimo cha mstari siku hiyohiyo. Ikiwa imepishana, mpelekee fundi mwenye mashine ya kulinganishia mirija, na umuulize kabla hajaifungua kama huzitia alama prizimu anapozitoa, maana kila moja ina mahali pake na upande wake. Asiyeelewa swali hilo, usimwachie.

Utakapoipata, ikunje kwanza kwenye bawaba mpaka uone duara moja badala ya mawili. Funika lenzi ya mbele ya kulia na ulenge jani la mbali kwa gurudumu la katikati kwa jicho la kushoto. Kisha funika ya kushoto na ulirekebishe jicho la kulia kwa pete yake peke yake, bila kugusa gurudumu. Soma namba ambayo pete imesimama, uiandike kwenye kipande cha karatasi na ukibandike ndani ya mfuniko wa chombo cha kuhifadhia, kwa sababu wageni wataibadilisha kila siku. Tahadhari moja juu ya umbali wa karibu: 8x30 ya kizamani hailengi vizuri kitu kilicho chini ya meta 3 hivi, kwa hiyo vinyonga na vipepeo vya kando ya njia utawaonyesha wageni kwa macho matupu. Nenda Tanga asubuhi, kabla jua halijakuwa kali na hewa juu ya mabati haijaanza kucheza, ukiwa na kurunzi mfukoni, na umwombe muuzaji utoke nayo mpaka mahali unapoiona minara ya simu.